Kesi ya kompyuta ya gemu, ya bei ya kati: feni sita, kioo mbele. Inafaa au tunapigwa?

#1 SitaZote
Wakuu salama. Niende kwenye mada.

Kesi ni ya saizi ya kati, inameza mazabodi (ubao mkuu) ya ATX kamili, yaani saizi ya kawaida. Mbele kioo, ubavu wa kushoto kioo. Hewa inaingilia kwenye mianya miwili ya kandokando ya kioo cha mbele, kila mmoja una upana wa mm 18. Imekuja na feni sita za mm 120: tatu mbele, mbili zimelala juu ya boksi la pawasaplai zikitazama kadi ya michoro (GPU), moja nyuma. Zote zimechomekwa kwenye habu moja (kigawanyio cha feni), na habu imechomekwa kwenye heda (pini za kuchomekea kwenye mazabodi) ya feni ya prosesa. Juu kuna wavu mtupu, hakuna feni.

Kadi ni ya wati 300, unene sloti tatu. Prosesa inapozwa kwa hewa, kipozeo cha mnara mmoja.

Kioo cha ubavuni kikifungwa kadi inafika nyuzi 83. Kikitolewa, 74. Gemu ileile, eneo lilelile, dakika 30. Prosesa haitikisiki, 66 kwa 65.

Sasa feni sita zinafanya kazi gani kama kutoa kioo tu kunazishinda zote? Kesi ni mbovu au kuna mahali nimekosea?

#2 Bisibisi
Feni sita za bure ni mapambo yanayozunguka. Navuta kiti.

#3 Kipimajoto
Chumba kilikuwa nyuzi ngapi kwenye kila kipimo?

Bila hiyo, 83 na 74 haziongei lugha moja. Chumba kikipanda nyuzi tatu kati ya vipimo viwili, kadi nayo inapanda karibu tatu. Weka kipimajoto mbele ya kesi, usawa wa feni ya kati, mbali na tundu la nyuma linalotoa joto, kisha andika kadi imezidi chumba kwa ngapi.

La pili: feni za kadi zilikuwa mizunguko mingapi kwa dakika? Kadi inajiongeza kasi yenyewe ikipata joto. Huenda ilikuwa 83 huku feni zinapiga 2,200, na 74 zikiwa 1,600. Hapo pengo halisi ni kubwa kuliko 9. Funga feni za kadi kwenye kasi moja, tuseme 1,600, ndiyo ulinganishe.

#4 MzeeWaBati
Tusizunguke. Ni kioo cha mbele.

Chukua kalamu. Feni ya mm 120, ukitoa kitovu cha katikati, ina uwazi wa kama sentimita za mraba 100. Tatu ni 300. Mwanya wa mm 18 kwa urefu wa mm 400 ni sentimita za mraba 72, miwili 144. Yaani feni zimepewa mlango ambao ni nusu ya midomo yao. Na kama nyuma ya mwanya kuna chujio la nailoni, toa tena sehemu kubwa ya hiyo 144. Halafu hewa ikishaingia ikate kona ya nyuzi 90 ndiyo iikute feni.

Jaribio la dakika moja: toa paneli nzima ya mbele, rudisha kioo cha ubavuni, pima.

#5 Rejeta360
@MzeeWaBati hesabu ya eneo iko sawa, ila hitimisho umelirukia.

Kadi wati 300, prosesa na vingine wati 100, jumla 400. Ukitaka hewa inayotoka izidi inayoingia kwa nyuzi 10, unahitaji mita za ujazo kama 120 kwa saa. Hizo ukizipitisha kwenye sentimita za mraba 144, mwendo wake ni mita 2.3 kwa sekunde. Huo si upepo wa kutisha. Mgandamizo unaotumika hapo ni kama mm 0.3 za maji, ukiongeza kona na chujio ufike mara mbili au zaidi. Feni yenye nguvu ya wastani inavuka.

#6 HedaMoja
Inavuka ikiwa kwenye kasi kamili. Rudi kwenye #1, kuna sentensi mmeiruka: habu iko kwenye heda ya prosesa.

Heda hiyo inasikiliza joto la prosesa peke yake. Kwenye gemu prosesa iko 66, kwa hiyo BIOS (programu ya mazabodi yenyewe) inaona mambo shwari na feni za kesi zinatembea 50% hivi. Kadi inaungua pale chini na hakuna anayeziambia feni.

Sasa unganisha na #5. Feni nyingi zinazokuja na kesi huandikwa mgandamizo wa mm 1 hadi 1.5 za maji zikiwa kasi kamili. Mgandamizo unafuata kasi kwa mraba. Ukipunguza kasi nusu, unabaki na robo: mm 0.25 hadi 0.4. Hiyo haitoshi hata kuvuka mwanya wenyewe, achilia mbali chujio. Feni inazunguka, taa zinawaka, hewa inasuasua palepale.

Hamisha habu kwenye heda ya feni ya kesi. Kama ni Windows, programu ya bure ya FanControl inakuruhusu kufunga heda hiyo ifuate kihisi cha kadi. Anza na 40% chini ya nyuzi 50, panda taratibu hadi 85% kadi ikifika 75.

#7 Bisibisi
Kwa hiyo prosesa ndiye bosi, kadi ndiye kibarua, na kiyoyozi kiko ofisini kwa bosi.

#8 KinyumeNyume
@SitaZote hizo feni mbili juu ya boksi la pawasaplai, una uhakika zinapuliza kwenda juu?

#9 SitaZote
@HedaMoja asante, nitahamisha. @KinyumeNyume ndiyo, upande wenye mikono ya fremu umetazama chini, upande mzuri umetazama kadi.

#10 Rejeta360
Basi zimegeuzwa! Feni ya kawaida inavuta upande ulio wazi na kutoa upande wenye mikono na stika ya mota. Kwa maelezo yako zinanyonya hewa kutoka chini ya kadi na kuisukuma ndani ya boksi la pawasaplai. Zinagombana na feni za kadi. Tatizo limepatikana, uzi ufungwe.

#11 KinyumeNyume
Polepole mkuu. Kesi za vioo siku hizi zinakuja na feni za mapanga yaliyopinduliwa, zimetengenezwa ili mtu aone uso mzuri huku hewa ikiingia. Kwa hizo, kanuni ya mikono inakuwa kinyume. Ukizigeuza kwa kukariri, ndiyo utazielekeza vibaya.

Zitambue kwa panga. Panga la feni limepinda kama kiganja kilichokunjwa kidogo, na upande wa ndani wa kiganja ndio unaosukuma hewa. Au usisumbuke, kata kipande cha tishu upana wa kidole, kishike sentimita mbili juu ya feni. Kikipepea kwenda juu inapuliza, kikinyonywa kwenye mapanga inavuta. Fanya hivyo kwa zote sita, maana habu haijui mwelekeo.

#12 SitaZote
Nimejaribu tishu. Zinapuliza juu, ila kwa unyonge. Za mbele zinavuta ndani. Ya nyuma inatoa kwa nguvu kuliko zote.

#13 Rejeta360
Uzi usifungwe.

#14 Mchujaji
Zinapuliza juu sawa, ila zinapata wapi hewa? Feni iliyolala juu ya boksi inavuta kutoka ndani ya boksi, na boksi hilo mara nyingi lina mdomo mmoja tu chini, ule wa pawasaplai, wenye chujio lake. Mle ndani kuna pawasaplai, bunda la waya na keji ya diski. Kama pawasaplai imelazwa feni yake ikitazama chini, na yenyewe inagombea mdomo uleule.

Angalia vitu vitatu. Miguu ya kesi ina urefu gani? Ikiwa chini ya mm 20, au kesi imekaa kwenye zulia, mdomo huo umezibwa. Pili, ubavu wa boksi una matundu au ni bati zima? Tatu, keji ya diski ipo? Kama hutumii diski za inchi 3.5, ing'oe. Skrubu zake nne huwa chini ya kesi, si ndani, watu huzitafuta mpaka wakachoka.

Ninavyoona, feni zako mbili za chini zinazungusha hewa ileile: inapulizwa kwenye kadi, inapata moto, inarudi kwenye boksi kupitia tundu la waya lililo mbele, inapulizwa tena.

#15 KimyaKimya
Nakubaliana na #14 kwa nusu. Kutoka feni hadi kadi kuna nafasi gani? Kadi ya sloti tatu inakula mm 60, na sloti moja ni mm 20.32. Ikiwa chini ya kadi imebaki mm 25 tu, feni za kesi na feni za kadi ziko uso kwa uso na zina vitovu visivyolingana. Utasikia mlio wa kupanda na kushuka hata kama joto ni zuri.

#16 SitaZote
Nimepima kwa rula, mm 24. Na mlio huo upo, nilidhani ni beringi.

#17 MzeeWaBati
Hayo yote ni kweli na bado hayanihamishi. Kesi yenye wavu mbele ingemsamehe mleta uzi makosa yote hayo. Corsair 4000D Airflow ilitoka 2020 na feni mbili tu za mm 120, na imeheshimika miaka yote hiyo kwa sababu ya uso wa wavu. Lancool 216 ya Lian Li inakuja na mbili za mm 160 mbele na moja ya mm 140 nyuma, basi. Feni tatu zenye njia zinazishinda sita zilizofungiwa kabatini.

#18 Rejeta360
Usisahau wavu nao una aina. Kuna wavu wa matundu makubwa ambao nyuma yake wanabandika nailoni, na kuna wavu mwembamba wenyewe ukiwa ndio chujio. Ukikuta vyote viwili, wavu mwembamba NA nailoni nyuma yake, umelipia kizuizi mara mbili. Toa kimoja.

#19 Ganzi
Samahani wakuu, mimi nataka kununua kesi ya aina hii wiki hii. Mbali na hewa, niangalie nini kabla ya kulipa?

#20 MzeeWaBati
Karibu. Kaa nayo dakika kumi, fungua kila kitu.

Bati kwanza. Kesi za bei ya kati huwa kati ya mm 0.6 na 0.8. Ukiwa na vernia (kifaa cha kupimia unene), pima kwenye ukingo wa paneli ya kulia, rangi nayo inahesabika. Huna vernia, toa paneli, ishike kona mbili za mkabala, ipinde kidogo. Ikilia kama sahani ya bati, hiyo ndiyo itakayonguruma feni zikifika kasi fulani.

Geuza nyuma, tazama vifuniko vya sloti. Vikiwa vya kufungua kwa skrubu, sawa. Vikiwa vya kuvunja kwa kupindapinda, hesabu hilo kama dosari: ukivunja kimoja bati la jirani linapinda, na siku ukibadilisha kadi tundu linabaki wazi milele.

Nyuma ya sinia ya mazabodi unataka mm 20 au zaidi za kupitishia waya. Kebo ya pini 24 ikipita juu ya kebo nyingine kwenye mm 15, paneli inabinuka tumbo na skrubu hazikamati.

Kona ya juu kushoto pawe na tundu la kebo ya prosesa. Lipo? Kidole kinapita? Plagi ya pini 8 ni pana kuliko kidole. Na upitishe kebo hiyo kabla ya kufunga mazabodi, maana rejeta (ya kupoza prosesa kwa maji) ikishakaa juu, mkono hauingii tena.

Skrubu zihesabiwe. Zile za nyuzi nene, 6-32, ni za pawasaplai, diski kubwa na mara nyingi mazabodi. Nyembamba za M3 ni za SSD ya inchi 2.5. M3 kwenye tundu la 6-32 inazunguka bila kukamata, 6-32 kwenye tundu la M3 inaua nyuzi, na kwenye SSD hakuna kurudi.

#21 Rejeta360
Ongeza rejeta. Tangazo likisema "inachukua rejeta ya 360 juu", uliza juu ya mazabodi kuna mm ngapi. Rejeta nyingi zina unene wa mm 27, feni mm 25, jumla 52. Dari ikiwa karibu kuliko hapo, rejeta inashuka na kukutana na vipozeo vya mazabodi au RAM zenye taa. RAM tupu ina urefu wa mm 31 hivi, zenye mapambo zinavuka 44. Baadhi ya kesi zinasogeza matundu ya dari kuelekea kioo ili kuikwepa RAM, hizo ni nzuri.

Na urefu: rejeta ya 360 si mm 360. Ukiweka vichwa vyake ni karibu mm 400.

#22 Ganzi
Shukrani. Taa nazo?

#23 Bisibisi
Taa zinaongeza fremu kumi kwa sekunde, kila mtu anajua.

#24 HedaMoja
Acha masihara, hapa watu wanaunguza vitu. Taa za kisasa za rangi nyingi zinatumia volti 5, plagi ya pini tatu yenye nafasi ya pini ya nne iliyozibwa. Taa za zamani ni volti 12, pini nne. Ukilazimisha ya volti 5 kwenye heda ya volti 12, unaziua papo hapo, wakati mwingine pamoja na habu. Soma maandishi kwenye mazabodi kabla ya kusukuma.

Habu nayo iangaliwe inakula umeme wapi. Ikiwa na plagi ya SATA kutoka pawasaplai na waya mmoja wa pini nne kwenda mazabodi, nzuri. Ikiwa na plagi ya umeme ya Molex pekee, bila waya wa kwenda mazabodi, feni zitakuwa kasi moja maisha yao yote. Na kama feni ni za pini tatu, heda iwekwe hali ya DC (kasi inaongozwa kwa volti) kwenye BIOS. Ukiiacha PWM (kasi inaongozwa kwa mapigo ya pini ya nne) zinapiga 100% muda wote, na watu huja kulalamika kesi ina kelele.

Bila habu, heda moja kwa kawaida inabeba ampea 1. Feni tatu za ampea 0.25 ni 0.75, inatosha. Sita, hapana.

#25 KimyaKimya
Kelele imetajwa, niongeze. Watu wanadhani feni sita ni kelele kuliko tatu. Ukiongeza kutoka tatu hadi sita kwenye kasi ileile unapanda desibeli 3. Lakini ukipunguza kasi kwa 20% unashuka karibu 5. Kwa hiyo sita za polepole zinaweza kuwa kimya kuliko tatu za haraka.

#26 HedaMoja
Na ndivyo tulivyofika kwenye tatizo la #6. Polepole kwenye kioo haivuki.

#27 KimyaKimya
Kwenye wavu inavuka. Sikusema kwenye kioo.

#28 Ganzi
Kioo cha ubavuni kina hatari? Nasikia vinapasuka vyenyewe.

#29 KinyumeNyume
Mara nyingi si "chenyewe". Kioo kilichoimarishwa kwa joto kina nguvu usoni, udhaifu wake uko kwenye ukingo na pembe. Ukikisimamisha kwenye sakafu ya vigae, pembe ikigusa kigae kidogo tu, kinakuwa punje. Kilaze kwenye taulo au juu ya kitanda. Kama kinafungwa kwa skrubu nne zinazopita kwenye kioo, hakikisha raba zake zipo pande zote mbili na ukaze kwa vidole tu, bisibisi weka kando. Kile cha kuning'inia kwenye ndoano ni salama zaidi.

Na kwa kadi zenye plagi ya pini 16: kebo isianze kupinda kabla ya mm 35 kutoka kwenye plagi. Kesi ikiwa nyembamba, kioo ndicho kinachoisukuma kebo na kuipinda. Pima kutoka juu ya kadi hadi kioo kabla ya kununua, si urefu wa kadi peke yake.

#30 Bisibisi
Angalau kesi yenyewe haiwezi kuwaka moto. Ni bati.

#31 Mchujaji
@Bisibisi hapo umechemka. Kesi ya NZXT H1 iliondolewa sokoni 2021 kwa hatari ya moto. Skrubu mbili zilizoshika kibao cha raiza (cha kuunganishia kadi na mazabodi) kwenye kesi zingeweza kugusanisha njia ya volti 12 na bati. Skrubu tu.

#32 Bisibisi
Naondoa kauli, nabaki na kiti.

#33 SitaZote
Nimerudi na vipimo. Feni za kadi nimezifunga 1,600 kama alivyosema @Kipimajoto. Kila kipimo dakika 30, kioo cha ubavuni kimefungwa kote:

Kama ilivyokuwa: 85.
Paneli ya mbele imetolewa: 79.
Paneli imerudi, habu imehamishwa heda na inafuata kadi: 80.
Paneli imerudi, habu kama zamani, feni mbili za chini zimezimwa: 83.
Keji ya diski imeng'olewa, feni za chini zimewashwa, habu kama zamani: 82.
Vyote kwa pamoja (paneli imetolewa, habu inafuata kadi, keji imetoka): 76.

#34 MzeeWaBati
Sita kwa paneli peke yake. Nimesema nini tangu #4?

#35 HedaMoja
Na tano kwa kuhamisha plagi moja, bila kung'oa kitu. Kesi inabaki na kioo chake na vumbi linabaki nje. Kwa mwenye kesi tayari, jibu ni langu.

#36 Mchujaji
Ninyi mnagawana nyama, angalieni mstari wa nne. Kuzima feni mbili KUMEPUNGUZA joto kwa nyuzi mbili. Yaani zilikuwa zinaharibu. Halafu kung'oa keji kukazifanya zisaidie. Hakuna maelezo ya hilo zaidi ya hewa inayozunguka ndani ya boksi.

#37 Rejeta360
Yapo. Zikizimwa, habu inagawia nne badala ya sita. Kama inakula umeme wa heda tu, bila SATA, volti ilikuwa inashuka kwa zote, na nne zilizobaki zikaongeza kasi. @SitaZote habu ina plagi ya SATA? Na mizunguko ya feni za mbele ilikuwa mingapi kwenye mstari wa kwanza na wa nne?

#38 SitaZote
Plagi ya SATA ipo. Mizunguko inasoma feni moja tu, ya tundu la kwanza la habu, na hiyo ni ya nyuma.

#39 HedaMoja
Ndivyo habu zilivyo, waya wa kurudisha mizunguko unatoka tundu la kwanza pekee. Zizungushe: weka ya mbele tundu la kwanza.

#40 KinyumeNyume
Jambo lingine ambalo hakuna aliyeligusa: wavu wa juu uko wazi na hauna feni. Feni moja juu, upande wa nyuma kabisa, ikitoa. Isiwe upande wa mbele, maana hapo itaiba hewa baridi ya feni ya juu ya mbele kabla haijafika popote. Hewa ya moto ya kadi yenye matundu mgongoni inapanda juu moja kwa moja, na sasa hivi inategemea feni moja ya nyuma.

#41 Mchujaji
Ukiongeza ya kutoa, kesi inaanza kunyonya vumbi kwenye kila ufa usio na chujio. Afadhali avitoe vifuniko vya sloti viwili chini ya kadi, hewa itoke yenyewe.

#42 KinyumeNyume
Au iingie yenyewe. Hilo linategemea ndani kuna mgandamizo gani, na mpaka sasa hatujui. Tishu kwenye hiyo sloti, @SitaZote.

#43 Ganzi
Kwa hiyo ninunue au nisinunue?

#44 MzeeWaBati
Ya wavu.

#45 HedaMoja
Yoyote, ila usichomeke habu kwa prosesa.

#46 KimyaKimya
Kama miguu yake ni mirefu na boksi lina matundu ubavuni, hata ya kioo.

#47 SitaZote
Tishu kwenye sloti inanyonywa ndani, kwa hiyo feni zinatoa hewa nyingi kuliko zinavyoingiza. Kesho nageuza tundu la habu, naongeza feni ya juu nyuma, napima tena yote sita kwa mpangilio uleule. Asanteni sana.

#48 Kipimajoto
Chumba kilikuwa nyuzi ngapi?